Siku ya Uhuru katika Nyumba Moja ya Rufiji



Jioni hii nimepewa nafasi ya kusema nanyi habari ya sikukuu za taifa letu, na hasa ile ya tarehe 9 Desemba. Mimi ni mwalimu. Nilisomeshwa na Misioni mbali na nyumbani, kisha nikapita katika chuo cha ualimu, na sasa nafundisha katika wilaya ya Kibiti, ambayo hata miaka michache iliyopita ilikuwa sehemu ya Rufiji. Umri wangu wapata miaka arobaini. Basi bendera ya Mwingereza sikuiona ikishuka. Niyajuayo nimeyapata kwa wazee wangu, na mengine nimeyapata kwa shida, maana wenyewe hawakupenda kuyasema.

Kilichonifanya nichague maneno haya ni karatasi ya mtoto mmoja. Niliwapa wanafunzi wangu insha, waandike habari ya Siku ya Uhuru. Wengi waliandika kama walivyofundishwa: ya kuwa Tanganyika ilijitawala mwaka 1961, ya kuwa Waziri Mkuu wa kwanza alikuwa Julius Nyerere, na ya kuwa usiku ule Mwenge uliwekwa juu ya mlima Kilimanjaro. Mtoto mmoja wa kike aliandika mstari mmoja tu, kwa mwandiko mzuri: “Siku ya Uhuru kwetu ni siku kama jana yake.”

Nilishika kalamu nyekundu nimpe sifuri. Kisha nikaiweka chini, kwa kuwa nilipofikiri niliona hakusema uongo. Shule zetu hufungwa mwanzoni mwa Desemba. Siku yenyewe ifikapo, mtoto hayuko darasani wala mwalimu hayuko naye, yuko kwao. Gwaride liko mbali, Dar es Salaam au Dodoma, naye hulisikia redioni kama asikiavyo habari za mpira. Kama hakuna mtu nyumbani wa kumwambia neno, atajua nini? Nilimrudishia karatasi bila alama, nikaandika chini yake: “Muulize bibi yako, kisha andika tena.”

Sikukuu nyingine hazina shida hiyo, au shida yake ni ya namna nyingine. Tarehe 26 Aprili twakumbuka Muungano wa mwaka 1964, na tarehe 14 Oktoba twamkumbuka Mwalimu Nyerere aliyefariki mwaka 1999, na siku zote mbili walimu tupo kazini kabla yake, twaweza kuwaandaa watoto. Saba Saba nayo ni siku kilipozaliwa chama cha TANU mwaka 1954. Lakini waulizeni vijana wa leo, watawaambieni kuwa ni siku za maonyesho ya biashara pale Dar es Salaam, ambapo mtu hununua sufuria na jiko la gesi. Siwalaumu, mimi mwenyewe nina sufuria ya Saba Saba. Ile ya Desemba ndiyo imeachiwa nyumba za watu, na nyumba za watu zina mambo yake.

Ya kwetu ilikuwa nayo. Kwetu siku ile haikuwa kama jana yake hata kidogo, wala haikuwa ya furaha. Nitawasimulieni.

Mto Rufiji, kwa wale wasioujua, ni mkubwa kuliko mito yote ya nchi hii. Ukikaribia bahari hugawanyika ukawa mikono mingi, na kati ya mikono hiyo kuna visiwa na misitu ya mikoko, ambako tangu kale watu walikata boriti, zikapakiwa majahazini kwenda mpaka Uarabuni. Huko ndiko alikozaliwa bibi yangu, upande wa Salale. Juu zaidi, kabla mto haujagawanyika, ni bonde pana la udongo mweusi. Mwaka baada ya mwaka mto hufurika wakati wa masika, ukaacha rutuba. Watu hupanda mpunga kabla ya maji kufika, na yakisha kupwa hupanda mahindi na kunde katika unyevu uliobaki, kilimo tukiitacho mlau. Huko bondeni ndiko kwa babu yangu. Aliishi humo na mama yake, na ndugu yake mmoja tu wa tumbo moja, mkubwa wake, ambaye mimi nilimwita Babu Mkubwa.

Babu Mkubwa alikuwa mtu wa watu. Alinunua kadi ya TANU mapema, akawa mwenda mikutanoni. Babu yangu alikuwa mtu wa shamba, wala sisemi hivyo kwa kumdharau. Kujua siku ya kumwaga mbegu katika bonde lile ni elimu, kwa sababu ukiwahi, ndege watakula, na ukichelewa, mto utachukua.

Ilipofika Desemba ya mwaka 1961, Babu Mkubwa alisema ni lazima waende wote wawili Utete, palipo Boma la wilaya, wakashuhudie kwa macho yao. Babu alikataa. Mpunga ulikuwa umeanza kuchipuka, na mtu lazima alale juu ya dungu kuuamia, au nguruwe wataumaliza kwa usiku mmoja. (Dungu, kwa wasikilizaji wa bara, ni kibanda juu ya miti mirefu, mtu hulala humo akilinda shamba, na maji yakija humkuta yu juu.) Tena bibi yangu alikuwa na mtoto mchanga wa wiki tatu. Mtoto yule ndiye baba yangu.

Basi Babu Mkubwa akaenda peke yake kwa mtumbwi. Alirudi siku ya tatu. Bibi alinisimulia mara nyingi jinsi alivyowasili, maana alianza kupiga kelele angali mtoni. Aliwaambia kuwa usiku wa manane karabai zilifunikwa, pakawa giza, watu wakanyamaza hata ukasikia vyura. Na zilipofunuliwa, bendera ya Mwingereza haipo, ipo nyingine. Watu wazima walilia. Alikuja na bendera ndogo ya karatasi na nusu ratili ya sukari kwa ajili ya mzazi. Akasema, “Ndugu yangu, sasa tunajitawala.” Babu akamwuliza kutoka juu ya dungu, “Je, nguruwe nao wameambiwa?”

Bibi alisema Babu Mkubwa alicheka mpaka sukari ikamwagika. Nawaomba mlikumbuke hilo, ya kuwa walikuwa ndugu wa kucheka pamoja. Alitaka mtoto aitwe Uhuru. Babu akasema mtoto na apewe jina la marehemu baba yao. Huo Uhuru tungoje kwanza tuone kama utakua. Na hilo nalo walilicheka.

Bibi yangu mwenyewe hakushangazwa sana na habari za bendera. Watu wa huko visiwani wamezoea kuona vyombo vya wageni vikiingia kwa maji kujaa na kutoka kwa maji kupwa. Babu yake aliijua bendera nyekundu ya Sultani, akaijua ya Mdachi, akaijua ya Mwingereza. Alikuwapo wakati ile manowari ya Wadachi, Königsberg, ilipojificha katika mikono ya mto mwaka 1914, hata Waingereza wakaipiga tarehe 11 Julai 1915. Mabaki yake yalionekana katika tope miaka mingi. Wenyeji walikimbia mizinga ya vita ambayo hawakuulizwa shauri lake, kisha wengi wakashikwa wawe wapagazi, na wengi hawakurudi. Bibi alisema: mimi sikuuliza bendera ina rangi gani, nilimwuliza shemeji yangu kama safari hii nasi tutaulizwa.

Swali hilo alilijibu Babu Mkubwa kwa neno moja, “Tutaulizwa.” Aliamini hivyo kwa moyo wote, wala sina shaka naye.

Kabla ya kufika mwaka 1969, ambao ndio shina la habari yangu, nataka kusema kidogo juu ya mzee mwingine. Watu wengi wadhani neno la kujitawala lilikuja kwetu kutoka Dar es Salaam. Lakini ni katika nchi hii yetu, pale Ngarambe, ndipo Kinjikitile Ngwale alipowapa watu maji, akawaambia Mdachi aweza kupingwa. Na vilipoanza vita vya Maji Maji, Wadachi walimnyonga pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Songea wana siku yao, 27 Februari, kwa mashujaa walionyongwa huko mwaka 1906, nao huiadhimisha kila mwaka. Nyumbani kwetu tarehe 4 Agosti hupita kimya. Nimepata kupita Mohoro siku hiyo na wanafunzi wangu, tukasimama kidogo tu. Sikuwa na hotuba.

Sasa nirudi. Mwaka 1968 mto ulifurika kupita kiasi, ukachukua vyakula na nyumba, watu wakawa na njaa. Serikali ikaona kuwa haifai watu kuishi wametawanyika bondeni, ikaanza ile iitwayo Operesheni Rufiji. Watu watoke bondeni, wakae pamoja juu, katika vijiji vilivyopimwa kwa kamba, wapate shule, zahanati na maji. Jambo hilo lilifanyika kwetu kabla ya sehemu nyingi za nchi, ambako kuhama kulikuja katika miaka ya sabini. Nataka kusema kweli kwa pande zote mbili. Mimi mwenyewe nilijua kusoma katika shule iliyojengwa kwa sababu ya kuhama kule, na nilichomwa sindano katika zahanati iliyojengwa kwa sababu ya kuhama kule. Kama tungalibaki bondeni, huenda nisingalisimama hapa mbele yenu. Lakini kule juu udongo ni mchanga, na mashamba yalibaki chini, mwendo wa saa tatu. Mtu akilala kijijini nguruwe walikula, akilala shambani aliulizwa kwa nini hakai kijijini.

Babu hakutaka kuhama. Mama yao alikuwa mzee sana, na kaburi la mumewe lilikuwa nyuma ya nyumba. Babu Mkubwa alikwisha kuwa mmoja wa wajumbe wa kijiji kipya. Alikuja mara tatu kumsihi ndugu yake. Mara ya nne alikuja na vijana waliotumwa kuziezua nyumba za wasiotaka kuhama.

Ilikuwa asubuhi. Bibi, ambaye ndiye aliyenisimulia, alikuwa amemkalisha mama mkwe wake chini ya mwembe, pamoja na chungu chake na mkeka wake. Kijana mmoja akaegemeza ngazi. Ndipo Babu Mkubwa akamshika mkono kijana yule akamtoa, akapanda yeye. Aliliezua paa la nyumba ya mama yake peke yake, na vijana wakangoja chini. Bibi aliona jambo moja ambalo Babu hakuliona, au hakutaka kuliona: vijana katika nyumba nyingine walitupa nyasi ovyo, lakini Babu Mkubwa alizishusha taratibu, akazifunga matita, akayapanga kandokando ya ukuta, kana kwamba nyumba itahamishwa nzima. Babu alisimama mbali. Alichokiona ni mtu aliye juu ya paa, ya kuwa ni nani.

Mama yao alikufa masika ya pili, kule juu. Babu hakumlaumu mtu. Aliacha tu kusema na ndugu yake.

Na kamba ya wapimaji, kama kwa mzaha, ilikuwa imeziweka nyumba zao zikielekeana, mlango kwa mlango, njia katikati. Hivyo ndivyo nilivyowakuta mimi nilipozaliwa. Desturi yetu mdogo hawezi kumpita mkubwa wake bila shikamoo, na Babu alikuwa mtu wa adabu. Kwa hiyo kila asubuhi aliniita, “Nenda kamwambie babu yako mkubwa shikamoo.” Nami nilivuka njia, hatua kama ishirini, nikasema, “Babu amesema shikamoo.” Naye alikuwa amekaa kizingitini, ameona na kusikia yote, akajibu, “Mwambie marahaba.” Nilivuka tena. Nilifanya kazi hiyo mpaka nilipopelekwa shule ya bweni, nikamwachia mdogo wangu. Nilidhani kila nyumba ina mtoto wa kubeba salamu.

Tarehe 9 Desemba ilikuwa hivi. Alfajiri Babu Mkubwa aliweka boriti mbele ya nyumba yake, boriti nzuri ya mkandaa kutoka kwa wakwe zetu wa visiwani, akapandisha bendera, akavaa kanzu, akakaa chini yake na redio. Babu naye, kabla bendera haijafika juu, alikuwa amekwisha kuchukua jembe na panga, ameshuka bondeni. Hakurudi mpaka usiku. Nyumba moja bendera, nyumba ya pili mlango umefungwa. Bibi alipika wali na kamba wa kwao, akagawa sahani mbili; moja ilivuka njia, na moja ilifunikwa kumngoja mwenyewe. Nilipouliza niliambiwa, “Babu yako anapenda mpunga wake.” Mtoto hupewa jibu kama hilo akaridhika, na mwisho akiwa mwanafunzi huandika kuwa siku ile ni kama jana yake.

Ukutani kwa Babu Mkubwa palikuwa na picha ya Bibi Titi Mohamed. Nadhani wengi wenu mnalijua jina, hata kama mnalijua kwa sababu ya ile barabara ya Dar es Salaam. Alizaliwa mwaka 1926, akawa mama wa mikutano ya TANU, akawakusanya wanawake kwa maelfu wakati ambapo wanaume wenye kazi za serikali waliogopa kuonekana. Tukisha kupata uhuru alikuwa mbunge wetu wa Rufiji. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi. Mwaka 1969, mwaka ule ule wa kuezuliwa kwetu, alikamatwa kwa shtaka la uhaini. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akasamehewa, akaishi mpaka mwaka 2000. Baba yangu asema picha ile haikutolewa ukutani miaka yake ya kifungo. Iligeuzwa tu, ikawa inatazama ukuta, na aliyeigeuza aliirudisha baadaye bila kusema neno. Mimi nimejifunza mengi juu ya Babu Mkubwa kwa picha ile kuliko kwa hotuba zake.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa historia alitupa kazi ya likizo: kila mmoja aandike habari za kijiji chake kwa kuwauliza wazee wawili. Nilifurahi, maana wazee wawili ninao, njia moja. Nikaanza kwa mkubwa. Alinieleza vizuri sana, mwaka hata mwaka, mpaka Azimio la Arusha la mwaka 1967, kisha akasema birika linachemka, akanyanyuka. Nikavuka kwa Babu. Yeye alianza na mwaka 1970, jinsi walivyopanda mikorosho ile ya kwanza. Nilipoweka daftari zangu pamoja palikuwa na tundu. Bibi ndiye aliyeliziba, jikoni, akipepeta mchele, wala hakuniangalia usoni hata alipomaliza. Kazi ile niliiandika na tundu lake vilevile. Mkufunzi akanipa alama za kati, akaandika kuwa sikufanya bidii.

Hata ukafika mwaka 2011, miaka hamsini ya Uhuru. Kijijini palikuwa na shamrashamra. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Alfajiri Babu Mkubwa alinituma, nami nilidhani ni kwa ajili ya boriti, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekosa nguvu. Akasema, “Leo usipandishe. Nitafutie pikipiki.” Nikamwuliza twende wapi. Akasema, “Chini.”

Tulikwenda kwa pikipiki mpaka njia ilipokwisha, tukaendelea kwa miguu, tukipumzika kila mara. Hakuwa amefika bondeni miaka mingi. Nyumba za zamani hazipo, lakini kila palipokuwa na mji wa mtu pana miembe, nayo huonekana kwa mbali. Mgeni hudhani ni msitu, mwenyeji huisoma kama majina. Alinitajia wenye miembe yote tuliyoipita. Tulipofika kwenye mitatu iliyo pamoja, alinyamaza. Dungu la babu yangu lilikuwa hatua mia hivi mbele, na mwenyewe yu chini yake ananoa panga. Alituona. Hakukimbia wala hakusimama.

Babu Mkubwa aliomba maji. Babu akampa kata, kwa mkono wa kuume. Alipokwisha kunywa alisema, akitazama miembe, “Niliezua mimi ili asiezue mgeni.”

Babu alikaa kimya kitambo kirefu. Mimi nilianza kutafuta la kufanya kwa mikono yangu. Kisha akasema, “Dungu hili linavuja upande wa kusi.”

“Nyasi zipo?”

“Zipo.”

Basi ndivyo tulivyoadhimisha miaka hamsini. Babu alikuwa juu, akiezeka. Babu Mkubwa alikaa chini juu ya gogo, akikata nyasi na kuzifunga matita, taratibu, yote ya ukubwa mmoja, nami nikapokea na kupandisha. Walizungumza juu ya fito na kamba. Adhuhuri mzee akasali pale pale chini ya mwembe, tukala mihogo, tukaendelea mpaka alasiri. Habari ya mwaka 1969 haikutajwa tena, siku ile wala siku nyingine. Asubuhi yake nilikuwa ndani nafunga mzigo wangu nirudi kazini, nikamsikia Babu akifungua mlango. Nilingoja aniite. Hakuniita. Nikasikia akivuka njia kwa miguu yake, kisha sauti yake upande wa pili: “Shikamoo, kaka.”

“Marahaba.”

Babu Mkubwa alifariki mwaka 2012. Sanduku lake nilipewa mimi kwa sababu ya kusoma kwangu, na ndani yake nilikuta ile bendera ya karatasi ya mwaka 1961. Nimewaonyesha wanafunzi wangu. Jambo la kwanza waliloniuliza ni mahali rangi ya buluu ilipokwenda, na kwa swali hilo moja nimewafundisha habari ya Muungano kuliko kwa kitabu chote: kabla ya Aprili 1964 haikuwako, bendera ya Tanganyika ilikuwa kijani, nyeusi na dhahabu tu. Mwaka 2015 Rais Magufuli alipoziondoa sherehe za Desemba, akawataka watu waitumie siku ile kwa usafi na kazi, Babu alikuwa bado hai. Alisikia redioni, akatikisa kichwa, akasema, “Kumbe mimi nilitangulia.” Akachukua jembe. Mwaka uliofuata naye akatutoka.

Hakuuona mwaka 2017, nami nashukuru. Wasikilizaji wa kwetu wanajua nisemalo. Viongozi wa vijiji na askari waliuawa katika Kibiti na jirani zake, na jua lilipozama kila mtu alifunga mlango wake, wala hukujua hatua iliyopita nje ni ya nani. Desemba ya mwaka ule, nyumbani kwetu, jambo lililofanya nione kuwa kuna sikukuu lilikuwa kusikia watoto wakicheza njiani baada ya magharibi.

Mto nao umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba mwaka 2022, nalo limejengwa litoe umeme wa megawati 2,115. Waya wa umeme wapita karibu na nyumba yetu, nasi tumewasha taa. Wakulima wa bondeni bado wanajifunza upya lini maji yatakuja. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 yalikuja mengi mno, Rufiji na Kibiti, yakachukua mashamba na makazi ya watu wengi. Dungu letu lilikwenda. Nilishuka mwezi wa Juni kuangalia, nikakuta nguzo mbili zimesimama, na miembe yote mitatu ipo.

Yule mwanafunzi wangu hajaleta karatasi yake ya pili. Nilimwuliza juzi, akasema bibi yake amemwambia angoje, kwanza ampeleke kwao visiwani wakati wa bamvua, mtumbwi upate kupita. Nimempa muda.

Baba yangu na mimi tumekata nguzo mpya. Tarehe 9 Desemba, Mungu akijalia, tutashuka kuezeka, na binti yangu wa miaka tisa amesema naye atakuja, akaniuliza achukue nini. Nimemwambia achukue maji ya kunywa, na ile bendera aiache sandukuni, maana ni ya karatasi na kule chini kuna umande.